Saa ya GPS inayoazima GPS

Jamani, boksi limeandikwa GPS, yaani kujua ulipo kwa setilaiti, kwa herufi kubwa, kumbe saa yenyewe haina, inaazima ya simu! Sasa nikikimbia hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji, huku simu inanigonga paja, saa nimenunua ya nini? Mwenzangu wa mazoezi ana ile ya bei mbaya: inapokea mawimbi ya setilaiti kwa masafa mawili, L1 na L5, ina ramani, na ina kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachojua kwamba kutoka ziwani kurudi mjini ni kupanda. Yangu inaiona Kigoma yote tambarare kama meza. Magoti yangu yanakataa. Ramani sidai, njia naijua. Lakini GPS, ndugu muuzaji, si ndiyo uliyoniuzia?