Jeni inayosumbua huenda iko mbali

Nafundisha baiolojia hapa Kisumu, na kila muhula swali hili huzua ubishi: jeni fulani ikisomwa sana (yaani seli ikiitumia sana kutengeneza protini) kwa huyu na kidogo kwa yule, chanzo kitafutwe wapi? Wengi hujibu papo hapo: pale pale ilipo jeni, kwenye swichi yake, kipande cha DNA jirani kinachoiwasha na kuizima.

Jibu hilo lina uzito, tena ushahidi wake tunatembea nao damuni. Wengi wetu huku kando ya Ziwa Victoria tuna badiliko la herufi moja kwenye swichi ya jeni ya Duffy, inayotengeneza mlango ambao vimelea vya aina moja ya malaria, vivax, huutumia. Linaizima katika chembe nyekundu za damu, na malaria ya vivax hupata shida kubwa kuingia. Aliyeanza na mfano huo simlaumu akidhani ndivyo mambo yote yaendavyo.

Hamira inasimulia mengine. Mwaka 2002 kikundi cha mtafiti wa jenetiki Leonid Kruglyak, Marekani, kilitumia watoto wa hamira mbili, moja ya maabara na moja ya shamba la mizabibu la California, kikapima jeni zao zinavyosomwa. Mwaka 2018 kikachapisha matokeo ya watoto 1,012: miunganisho zaidi ya 36,000 kati ya sehemu za DNA na jeni zinazoathiriwa nazo. Zaidi ya tisa katika kila kumi ilitoka mbali na jeni yenyewe, mingi ikirundikana kwenye sehemu 102 tu.

Chukua jeni ya AMN1, mojawapo ya hizo zinazoathiri jeni za mbali. Hamira ya mizabibuni ukiiacha kwenye glasi hushikana vibonge na kutua chini. Ile ya maabara huelea, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Protini ya AMN1 husababisha kuvunjwavunjwa kwa protini nyingine, Ace2, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni za kukata ukuta kati ya seli mama na binti. Katika hamira ya maabara AMN1 ni dhaifu, kwa hiyo Ace2 inabaki, ukuta unakatwa, kila seli inashika njia yake. Hizo jeni za kukata ukuta ungezichunguza mwaka mzima bila kumpata mkosaji.

Wanaotetea swichi ya karibu wana hoja mbili nzuri. Badiliko la karibu, likipimwa moja moja, kwa kawaida lina nguvu kuliko la mbali. Pia wazazi wawili hawawezi kusemea hamira zote duniani, sembuse ile inayochachusha busaa ya Kakamega. Nakubali zote mbili. Ila katika hamira hizo mabadiliko ya mbali, madogo lakini mengi, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya tofauti za kurithi za jinsi jeni zinavyosomwa.

Na hapa kwetu jambo hili lina uso wa mtoto. Selimundu inatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Lakini ukali wake hutegemea sana kiasi cha himoglobini ya mtoto wa tumboni (aina ya protini ya kubeba oksijeni damuni isiyo na kasoro hiyo) kinachobaki baada ya kuzaliwa, na kiasi hicho huathiriwa na BCL11A, jeni inayoizima, iliyo kwenye kromosomu ya 2. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hukata DNA ya BCL11A. Jeni yenye kasoro haiguswi.

Wazazi wenye watoto wawili wa selimundu huuliza kwa nini mmoja hulazwa mara kwa mara na mwenzake anacheza mpira. Herufi iliyoharibika ni ileile kwa wote wawili. Ukiitazama hiyo peke yake, huna la kuwajibu.