Pepo wa Simu

Kila nyumba ina lile boksi la waya ambazo hakuna anayejua ni za nini, ila ole wako uzitupe. Jumamosi iliyopita nililiinamia la kwetu nikitafuta chaja, nikaibuka na kanda. Kaseti ya dakika 90, arobaini na tano kila upande, na kwenye karatasi yake mwandiko wangu wa mwaka 1991, herufi kubwa: USIGUSE. Vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni nilikuwa nimevivunja, maana ukivivunja redio haikubali tena kurekodi juu yake. Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa kurekodi mpira juu ya kila kitu. Namshukuru Mungu hakuwahi kugundua kwamba ukiziba tundu kwa kikaratasi, kanda inakubali upya.

Binti yangu, miaka 14, akaichukua akaigeuzageuza.

"Baba, hii inaingia gigabaiti ngapi?"

"Dakika tisini."

"Sijauliza dakika."

Nikamwambia ni mdahalo wa shuleni, nilishinda. Uongo mtupu. Nilijua vizuri kilichomo, na mtu mwenye akili angeirudisha bokosini akaendelea kutafuta chaja. Mimi nikaenda kuiteremsha redio kaseti juu ya kabati.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Siku hizo simu ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Ukimtaka binti wa watu, unapiga kwa baba yake. Simu inakaa sebuleni, na anayekaa karibu nayo ni mzee mwenyewe. Halafu nyumbani kwetu baba alikuwa amefunga kikufuli kwenye kile kisahani cha kuzungushia namba, ili tupokee tu, tusipige. Basi tukajifunza kupiga kwa kugonga. Kisahani kinaporudi hukata mkondo mara kadhaa: 3 ni mara tatu, 9 ni mara tisa, sifuri mara kumi. Ukikigonga kile kitufe kinachokandamizwa na mkonga, kwa kasi ileile, simu haijui tofauti. Namba ya kwao binti niliyemtaka mimi ilikuwa na 9 mbili na sifuri. Tarakimu hizo tatu peke yake ni kugonga mara 28, na ukikosea moja unaamsha nyumba nyingine kabisa.

Nikifanikiwa, upande wa pili inatoka ngurumo: "Haloo! Nani mwenzangu?"

Nakata.

Nilifanya hivyo kwa miezi. Ndipo nikapata wazo la kufanya mazoezi kwenye kanda, nijisikie, nirekebishe. (Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi mmoja Mwingereza, Neil Papworth, alituma ujumbe mfupi wa kwanza duniani, salamu za Krismasi. Herufi 160 za ujumbe mfupi zingenitosha kabisa, na zingebaki. Lakini habari hizo zilichukua miaka mingi kunifikia.)

Yule binti nilikuja kumwoa. Na katika kila mkusanyiko wa ukweni, baba mkwe huwa anasimulia kisa cha mwaka ule simu yao ilipoingiwa na pepo. Inaita, anapokea, kimya, inakatika. Fundi aliitwa mara mbili akabadilisha waya. Mfanyakazi mwenzake mmoja alituhumiwa na kununiwa mpaka wote wawili wakastaafu. Mimi hukaa pale kwenye kiti cha mkwe natikisa kichwa: "Pepo wa ajabu kweli, mzee."

Sasa turudi kwenye redio. Nikabonyeza, kanda ikazunguka, ikatoa sauti kama mtu anayezama, kisha kimya. Redio imekula kanda. Nilipofungua, utepe wa kahawia ulikuwa umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira, na nilivyouvuta ukaendelea kuja, ukaendelea kuja, mpaka ukajaa mapajani.

"Leta penseli," nikasema kwa utulivu wa daktari wa upasuaji.

Nyumba yetu ina simu nne, kompyuta mpakato mbili na tableti ambayo kila mtu anasema si yake. Penseli haina. Binti alizunguka vyumba vyote akarudi na penseli ya nyusi ya mama yake. Ni nyembamba na ya mviringo, inajizungukia tu ndani ya meno ya kanda bila kushika kitu, na nilipoikaza ikavunjikia humo. Mwishowe tukapata kalamu ya plastiki yenye pembe sita, ikashika barabara. Nusu saa nzima nilizungusha kalamu, binti ameshika utepe kwa vidole viwili kama anashika nyoka, huku akiniuliza kama kweli watu wazima walikuwa wanafanya hivi mchana kweupe.

Ikacheza.

Kwanza kelele za utepe. Kisha kijana mmoja, sauti yake haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Naomba kuongea na binti yako kuhusu... kuhusu... aah." Klik. Jaribio la pili, sauti imeshushwa mpaka tumboni: "Habari za jioni. Hapa anaongea mwalimu wake wa hisabati." Neno hisabati likamponyoka, likapanda juu kama filimbi. Klik. Jaribio la tano, kwa mbali anasikika marehemu mama yangu: "Unaongea na nani humo ndani?" Na mimi, haraka: "Nasoma!"

Binti alikuwa sakafuni. Hakuwa anacheka tena kwa sauti, alikuwa anapiga zulia kwa kiganja.

Nami nikalainika. Sauti ya mama, baada ya miaka yote hiyo. Nikaona lazima mdogo wangu aisikie. Nikarudisha kanda nyuma, nikapitiliza, nikasogeza mbele, nikapitiliza tena ("Ruka tu moja kwa moja!" binti analalamika, kana kwamba ningekuwa na njia ningeificha). Nikaiweka simu karibu na spika, nikarekodi dakika 2 na sekunde 14. Miwani nilikuwa nimeipandisha utosini wakati wa upasuaji. Nikafungua orodha ya watu wa kuwatumia, mdogo wangu yuko wa kwanza kabisa juu, namwona hata bila miwani kwa sababu ya shati lake jekundu. Kidole kikateremka.

Katika ile nusu sekunde ya kidole kuteremka, shemeji mmoja akatuma picha ya maua yenye maneno ya jioni njema, na kundi la ukweni likaruka juu ya orodha likakaa palepale alipokuwa mdogo wangu. Kidole hakina breki.

Niligundua nilipoona maua.

Nikabonyeza sauti ile, nikashikilia, likatokea swali la kama nataka kufuta. Nataka! Kuna machaguo mawili, yote yana neno futa, na mtu aliyeshika roho mkononi hasomi neno la tatu. Ikapotea. Nikapumua, nikasema mbele ya mtoto kwamba teknolojia ni jambo jema.

"Baba," akasema, akichungulia begani kwangu, "umefuta kwako tu."

"Maana yake?"

"Maana yake watu wote kumi na tisa wanayo isipokuwa wewe."

Kuna kitufe cha kutengua kosa hilo. Hukaa sekunde chache tu. Sekunde hizo nilizitumia kutafuta miwani iliyokuwa kichwani.

Wa kwanza kujibu alikuwa shemeji wa maua. Alama za kucheka, mstari mzima. Wa pili, shemeji mkubwa, hakucheka: "Mimi mwaka ule nililindishwa simu LIKIZO NZIMA. Baba alinikalisha pale nimkamate huyo mtu." Dada yake akaandika: "Mwalimu wa hisabati 😂 tulikuwa na mwalimu mwanamke." Kutoka chumbani nikasikia sauti yangu ya miaka 17 ikitoka kwenye simu ya mke wangu, ikaomba samahani kwa usumbufu, kisha kimya, kisha ikaanza tena mwanzo. Hakutoka. Alikuwa anairudia.

Baba mkwe hakuandika kitu. Yeye huwa haandiki, anadai herufi ni ndogo. Chini ya jina lake maneno yakaonyesha kwamba anarekodi sauti. Yakakoma. Yakaanza tena. Naye anafanya mazoezi, nikawaza. Yakakoma moja kwa moja.

Kisha simu ikaita. Ya video.

Zamani angalau simu ilikuwa inaita tu, humjui anayepiga na yeye hakujui. Sasa kioo kizima kilikuwa ni yeye, na kofia yake, na jina lake kwa chini. Binti akanyoosha mkono akanipokelea kabla sijamzuia.

Mzee huwa anaweka simu karibu mno, kwa hiyo nilichokiona ni paji la uso na jicho moja, limefumbuliwa kabisa. Nikameza mate. Nilikuwa na sentensi tayari, niliifanyia mazoezi tangu 1991.

"Haloo!" akanguruma. "Nani mwenzangu?"

Nikakata.