Abiria wa anga za juu: siku mbili au miezi sita, na nani wa kumwambia hapana?

Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba 2014, juu ya jangwa la Mojave huko California, rubani msaidizi Michael Alsbury alifungua komeo la mkia wa SpaceShipTwo, chombo cha kampuni binafsi kilichokuwa kikijaribiwa ili kuja kubeba abiria wa kulipa hadi angani. Mkia huo umeundwa kukunjuka kwenda juu ili kupunguza kasi chombo kinaporudi. Utaratibu ulimtaka alifungue mwendo ukifika Mach 1.4, yaani mara 1.4 ya mwendo wa sauti, na akichelewa hadi Mach 1.8 safari ikatizwe. Alilifungua kabla chombo hakijavuka hata mwendo wa sauti. Nguvu za hewa ziliukunjua mkia na chombo kikavunjika vipande. Alsbury alifariki. Mwenzake, Peter Siebold, alinusurika kwa parachuti.

Alsbury hakuwa mwanagenzi. Alikuwa rubani wa majaribio, na kazi ile alikuwa ameirudia mara nyingi kwenye simuleta, mtambo wa kuigiza safari. Lakini simuleta imekaa sakafuni, haitikisiki, wala haikandamizi kifua. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iliiweka lawama hasa kwa kampuni iliyounda chombo hicho, Scaled Composites, kwamba haikuweka kinga dhidi ya kosa moja tu la binadamu. Miongoni mwa mambo yaliyomwelemea rubani, bodi ilitaja haraka ya kazi zenyewe, kukariri hatua kichwani, na kwamba hakuwa ameonja karibuni mtikisiko na mkandamizo wa chombo kile.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa mafunzo ya safari za anga za kibiashara huishia kwenye hesabu ya saa. Huyu kafunzwa siku mbili, yule miezi sita, basi wa miezi sita yuko salama zaidi. Mambo hayako hivyo.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zilizotoka mwaka 2006, zinamtaka rubani awe na leseni pamoja na uwezo wa kuruka kwa kutegemea vipimo vilivyo mbele yake bila kuona nje, na apate mafunzo ya kila hatua ya safari. Apate wapi? Anaweza kutumia simuleta, au ndege yenye tabia zinazofanana na chombo, au safari za majaribio, au njia nyingine itakayokubaliwa na mamlaka. Njia moja kati ya hizo inatosha. Na simuleta ikitofautiana na chombo chenyewe, kampuni inaweza kutimiza wajibu wake kwa kumweleza rubani tofauti hizo. Abiria wanaolipa masharti yao ni mepesi zaidi: wafundishwe la kufanya panapotokea moshi, moto, hewa kuvuja au haja ya kutoka kwa dharura, kisha watie saini kwamba wameelezwa hatari na wamezikubali.

Wanaotetea mafunzo mafupi wana hoja nzito, na si haki kuwapuuza. Chombo cha New Shepard cha Blue Origin hakina rubani ndani. Hupanda na kushuka chenyewe kwa muda wa dakika kama 11 hivi. Abiria afunzwe nini hasa? Kufunga na kufungua mkanda, kurudi kitini kabla uzito haujarudi, kujua mlango uko wapi. Mwaka 2021 Wally Funk alipanda akiwa na miaka 82, na miezi michache baadaye William Shatner akiwa na miaka 90, na wote walirudi wakitembea. Septemba 2022 roketi ya aina hiyo iliharibika angani ikiwa haina watu. Mfumo wa kujiokoa ukakichomoa chumba cha abiria na kukiteremsha kwa parachuti. Hata kama watu wangekuwemo, hakuna ambaye angehitaji kubonyeza chochote. Zaidi ya hapo, watafiti wa tiba ya anga wa Chuo Kikuu cha Texas huko Galveston waliwahi kuwaweka watu wa kawaida, wakiwemo wenye maradhi ya muda mrefu yaliyodhibitiwa, kwenye mtambo wa kuzungusha, na wengi wao walivumilia vizuri. Kumlazimisha mtu kama huyo akae miezi kambini ni kumpotezea muda, na pengine ni njia ya heshima ya kumfungia mlango.

Hoja hiyo inasimama kwa dakika 11. Mtu akishaingia kwenye mzunguko wa dunia, inaanza kuchechemea.

Inspiration4, Septemba 2021, ilibeba watu wanne ambao hata mmoja hakuwa mwanaanga wa serikali, ndani ya Dragon ya SpaceX, chombo kinachojiendesha. Walijiandaa takriban miezi sita. Walikaa ndani ya Dragon ya mazoezi saa 30 mfululizo na wakapanda Mlima Rainier pamoja. Walipelekwa pia kituo cha NASTAR, Pennsylvania, kwenye ule mtambo wenye mkono mrefu ambao mwishoni una kijumba cha mtu mmoja. Unapozunguka, mkono wako unakuwa wa mtu mwingine. Kuuinua hadi usoni ni kazi. Ukigeuza kichwa ghafla, kizunguzungu kinakuvamia. Mkufunzi anakufundisha kupumua kwa pumzi fupi na tumbo kukaza, maana ukishatoa hewa yote kifua hakikubali kufunguka tena. Hili halisomeki kitabuni.

Wakiwa angani, king'ora kililia. Tatizo lilikuwa choo, feni yake ilikuwa na hitilafu. Linachekesha, lakini fikiria kusikia king'ora ukiwa mamia ya kilomita juu ya ardhi bila kujua ni moto, hewa au choo. Waliokwisha kulala na kuamka pamoja ndani ya kile chumba cha mazoezi walijua nani asome orodha na nani aongee na kituo cha chini. Kwangu mimi faida ya zile saa 30 ni hiyo: walikuwa wameshaonana wakiwa wamechoka.

Kuna yasiyofundishika ardhini, tukubali. Ndege ya mazoezi inayopanda na kushuka kwa mapinde hutoa sekunde ishirini na kitu za kuelea kila pinde, ilhali kichefuchefu cha anga huwapata zaidi ya nusu ya wasafiri na kinaweza kudumu siku mbili tatu. Safari ya Ax-1 ya kampuni ya Axiom, Aprili 2022, iliongozwa na Michael López-Alegría, mwanaanga mstaafu wa NASA aliyekwisha ruka mara nne. Wateja wake watatu walikuwa wamefunzwa kwa miezi. Hata hivyo walipofika kituo cha kimataifa cha anga walikuta ratiba ya siku za mwanzo imebana mno, na wenyeji wakalazimika kuwasaidia kuliko ilivyopangwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walikabidhiwa siku ya kwanza, mikono ikiwa bado haijazoea kuelea. Mafunzo hayakuwa machache, ila yaliandaa watu kwa ratiba ambayo mwili mgeni hauwezi kuifuata. Mwaka huohuo NASA ikaweka sharti kwamba kamanda wa safari binafsi kwenda kituoni awe mwanaanga wake wa zamani aliyewahi kuruka.

Hapo linakuja swali ninaloona ni zito kuliko saa: nani anafundisha, na nani anampa pesa. Kampuni ikifundisha wateja wake yenyewe, inajua chombo chake kuliko mtu yeyote. Sarah Gillis alikuwa mkufunzi wa wasafiri wa SpaceX kabla ya kuruka mwenyewe katika safari binafsi ya Polaris Dawn, Septemba 2024, akatoka nje ya chombo akiwa amevaa suti mpya ya kampuni hiyo. Kituo cha serikali hakiwezi kuwa na ujuzi wa namna hiyo. Lakini mkufunzi wa kampuni anayetaka kumfelisha mteja aliyelipa mamilioni ya dola anamwendea bosi yuleyule aliyepokea hizo pesa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Vituo vya kujitegemea kama NASTAR havina roketi ya kujaza viti, ila navyo hupima sehemu moja tu ya safari na havina mamlaka ya kumzuia mtu.

Ningependelea mseto: kampuni ifundishe chombo chake, kituo huru kipime mwili na utulivu wa mtu, na neno la huyo wa pili liwe na nguvu ya kumbakiza mteja chini. Najua litakaloulizwa. Tiketi itapanda bei, na kampuni zitalalamika kwamba biashara changa inanyongwa. Bunge la Marekani lenyewe limekuwa likirefusha, mara baada ya mara, kipindi ambacho FAA hairuhusiwi kuweka kanuni za kulinda usalama wa abiria hawa, kwa sababu hiyohiyo. Pia mpimaji huru anaweza kuwa mkali kupita kiasi, akamwacha Funk mwingine nyumbani.

Lakini jambo hili lilikwisha fanyika, tena kwa wateja wa kulipa. Mwaka 2006 Mjapani Daisuke Enomoto alikuwa amemaliza mafunzo yake Star City, kituo cha wanaanga karibu na Moscow, kiti chake kwenye Soyuz, chombo cha Warusi, kimeshapangwa. Mwezi Agosti madaktari walimkatalia kwa sababu za kiafya. Anousheh Ansari, aliyekuwa akifanya mazoezi yaleyale kama mbadala wake bila uhakika wa kuondoka, aliitwa, na tarehe 18 Septemba akaruka.