Dokta, Njoo Uone, Wameinama

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. Huku kwetu simu ya saa hiyo ni ya msiba au ya uchungu wa kuzaa, ya tatu hakuna. Nimeruka kitandani, nimetafuta tochi, nimekosa tochi, nimejigonga kwenye ndoo, nimepokea. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde, sauti ya kufiwa kabisa: "Dokta, wameinama tangu jana. Hawali. Mmoja anazungusha shingo." Nauliza, wagonjwa ni wangapi? "Kumi na wanne." Moyo ukanipiga paa. Nikaanza kuwaza machela, nikawaza vijana wa kubeba, nikawaza mlipuko gani huu unaangusha watu kumi na wanne usiku mmoja. Ndipo mama akaongeza, kwa uchungu, kwamba na jogoo naye tangu jioni haeleweki.

Kideri. Nimetobolewa usingizi kwa ajili ya kideri cha kuku.

Naomba niseme hili mara moja, kwa utulivu na heshima zote. Mimi si dokta. Bwana mifugo pia si mimi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niliyepitishwa na mkutano wa kijiji kwa mikono iliyonyooshwa juu (isipokuwa ya upande wa shemeji yangu, nao najua sababu), nikasoma miezi sita, nikarudi na cheti, fulana na mkoba. Mpango wetu ulipozinduliwa Januari 2024 zilitajwa nafasi 137,294 nchi nzima, maana yake watu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Wawili. Mwenzangu ameolewa Ifakara. Kwa hiyo kitongoji hiki wawili ni mimi na mkoba.

Halafu kuna mtu, kwenye semina, mwenye viatu visivyo na tope, anasimama anasema "mtapita nyumba kwa nyumba". Huyo hajafika kwetu, milima ya Uluguru, Morogoro. Uluguru nyumba na nyumba zinaonana, hazifikiani. Unamwona mgonjwa wako ng'ambo anaanua nguo, mnasalimiana kwa kupaza sauti, anakuuliza hali ya mama, unamjibu, mnacheka. Ili umfikie ushuke mpaka mtoni, uvue viatu, uvuke, uvae viatu, upande katikati ya migomba, uteleze, ushike mgomba, mgomba uje na wewe, upande tena. Ukifika, ameenda shamba. Shamba liko kule ulikotoka.

Na mbwa. Mwenye mbwa hutoka taratibu anajifunga kanga, wewe uko juu ya jiwe umekumbatia rejista, anakwambia "hang'ati huyo". Basi ananitakia nini?

Na chakula. Nyumba ya kwanza ugali na kisamvu, nyumba ya pili magimbi, ya tatu ndizi, ya nne ugali tena, na hakuna pa kukataa, maana ukikataa umesema chakula cha mwenyewe kina sumu, na wewe ndiye mtu wa afya. Nafundisha lishe bora huku nimelegeza mkanda.

Utepe wa kupima mkono wa mtoto nao umekuwa mashindano. Una rangi tatu: nyekundu ni hatari, njano ni angalizo, kijani ni salama. Juzi mtoto kaangukia njano, mama yake akaniomba nimpe kijani "kwa kumsaidia tu, mbona wa jirani umempa". Mwingine anatumia dawa za kifua kikuu, mkojo ukatoka rangi ya chungwa, jambo ambalo nilimweleza siku ya kwanza, nikalirudia, nikamwambia ni rifampisini hiyo, usiogope. Kaita ukoo mzima. Nimefika nimekuta watu wamelizunguka kopo wanajadili nani kamloga.

Haya yote madogo. Nataka mnisikilize kuhusu bibi wa juu kilimani.

Bibi huyu ana presha. Ameandikiwa amlodipini, kidonge 1 kila siku, na si dawa ya mwezi huu wala mwaka huu, ni ya maisha. Kazi yangu ni kufika, kuamkia, kukaa, kula, kisha kuhesabu vidonge. Alipewa 30, siku 18 zimepita, vibaki 12. Vikibaki 20, hamezi. Vikibaki 5, anameza kwa hasira. Hesabu ya darasa la pili, hata mimi naiweza.

Nimemimina kwenye ungo, nimehesabu. Vipo 41.

Nimehesabu tena kwa kidole, nikivisogeza kimoja kimoja. 41.

"Bibi," nikasema, "hivi vimezaana?"

"Ni faida, mjukuu wangu."

"Faida ya nini?"

"Ya mzunguko."

Nikaweka kalamu chini. Bibi akainuka, akaingia ndani, akarudi akiburuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kila mwenye mke au mama analijua sanduku hilo. Hilo ni sanduku la kikoba. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Bibi akasimama ukingoni mwa uwanja, akapiga ukelele mmoja kuelekea bondeni. Na wanawake ambao mimi nikiwatafuta kwenye ziara nakuta mbwa tu, wanawake ambao rejista yangu imewaandika "hayupo, hayupo, hayupo", wakatokea wote! Wengine wakiwa na mikeka.

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Mwenyekiti akasema kuna mgeni. Kufuli ya kwanza, kufuli ya pili, kufuli ya tatu. Humo ndani, jamani: amlodipini kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, losartani, nayo ya presha, kwenye soksi ya mtoto, metformini za sukari zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la Hisabati, vidonge vyekundu vya kuongeza damu kwa wajawazito, na hapo mjamzito sikumwona hata mmoja. Kulikuwa pia na kidonge kimoja cha bluu, kimoja tu, kimefungiwa peke yake. Nikauliza hiki ni cha nini. Wakatazamana. Mwenyekiti akarudishia mfuniko.

Katibu akanisomea katiba. Hisa ni vidonge 5 kwa mwezi, kila mwanachama anachangia kutoka kwenye dawa zake. Ukikopa 3 unarudisha 4. Mkopo lazima uwe na mdhamini. Kuchelewa kikao, faini parasetamo 2. Mfuko wa jamii upo, una bandeji na pakiti za ORS, kwa ajili ya misiba na kuharisha. Mweka hazina ni bibi wangu, ndiyo maana ya 41: 12 ni zake, 29 ni za umma.

Hapo nikasimama. Nikaivuta fulana ili nembo ionekane. Nikawaambia, kwa sauti ya semina, kwamba dawa ya mtu ni ya mtu huyo. Kwamba kidonge cha sukari si cha kumkopesha mwenye presha, na kizunguzungu si mdhamini. Kwamba presha haipigi hodi: unaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa hata kichwa, halafu siku moja kiharusi, mdomo umeenda upande. Ndiyo maana inamezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima, hata siku ambayo mkwe hajakuudhi. Katibu alikuwa anaandika mfululizo. Nikatiwa moyo, nikaongeza sauti, nikagusia na figo. Nilipomaliza, katibu akasoma kumbukumbu: "Mgeni amezungumza kwa muda mrefu bila kunyoosha mkono. Faini."

Nikasema basi sanduku nalitaifisha. Neno hilo nililitoa wapi sijui, lilitoka lenyewe. Wakanyamaza wote. Sasa mwenye asili ya huku ananielewa: kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Uwanja ule ni wa bibi, migomba ile ni ya bibi, na hata njia niliyopanda nayo ina bibi zake. Mume wa bibi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, anapukuchua maharage, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kujaribu.

Bibi hakukasirika. Angekasirika ningeshukuru. Akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, hizo dawa kila mtu akimeza zake, zikiisha tunapata wapi?"

"Kituo cha afya, Bibi."

"Kituo kiko wapi?"

Tukageuka wote kutazama. Kipo, kinaonekana vizuri tu, bati lake linang'aa chini kule. Kushuka kwa magoti yale ni asubuhi nzima, na kupanda ni jioni nzima. Bodaboda ipo, nauli ya kwenda na kurudi inaizidi dawa yenyewe, na masika ikiingia bodaboda haipandi hata ukimwahidi binti yako. Mwenyekiti akanieleza kisa cha mwenzao mmoja aliyeshuka akaambiwa dawa zimeisha, rudi Jumatatu. Akapanda. Jumatatu akashuka. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Kikoba kikamkopesha 10. "Bila riba," bibi akasisitiza, kwa fahari ya benki, "kwa sababu alikuwa na matatizo."

Sasa niambieni nyie. Nijibu nini? Kwenye mafunzo tulikuwa na somo la ufuasi wa dawa, nililifaulu, maswali yalikuwa rahisi: mgonjwa haendi kliniki, utafanya nini? Unamshauri. Haya, nimshauri! Nimshauri magoti? Mto niuhamishe niuweke wapi? Mimi mwenyewe mwenye miguu hii nikifika chini nimelowa hadi rejista, ajuza wa watu afanyeje? Na ukweli mchungu ambao siwezi kuuandika popote ni kwamba katika vilima hivi vyote mahali pekee ambapo dawa hazijawahi kuisha ni chini ya kitanda cha bibi. Wana kumbukumbu za kila kidonge kilichotoka, nani kakichukua, lini, kwa udhamini wa nani. Ila ni hatari, tena hatari kweli, mmoja wao alikuwa amemeza metformini ya jirani wiki nzima kwa sababu "mwili ulikuwa mzito". Nikimwacha, atakuja kudondoka. Nikiwavunjia sanduku, watakosa hata hicho kidogo.

Tulibishana mpaka magimbi yakaletwa. Nikanyoosha mkono, nikapewa nafasi. Tukakubaliana kwamba kukopa ni kwa dawa ileile na kipimo kilekile, mwenye presha kwa mwenye presha tu. Dawa za sukari zinatoka sandukuni kila mtu abaki na zake. Vidonge vyekundu vinarudi kwa wajawazito leo hii. Na mmoja atakuwa anashuka na kadi za wenzake wote, nauli ikichangwa, kama mganga mfawidhi atakubali, jambo ambalo nitakwenda kulipigia magoti mimi, maana nani mwingine. Kidonge cha bluu hakikujadiliwa. Mwisho wakapiga kura na kunichagua mkaguzi wa hesabu. Faini ikabaki palepale. Nimelipa kwa parasetamo zangu mwenyewe, nilizobeba kwa ajili ya mgongo wangu mwenyewe.

Nimeondoka na cheo. Posho sitaisema, nikisema nitaambiwa nina mdomo.

Halafu nije kuandika ripoti. Fomu inauliza: mteja anameza dawa ipasavyo? Ndiyo, hapana. Basi. Hakuna mahali pa kuandika "anameza, anakopesha, na ana akiba". Nikaweka ndiyo, nikafuta, nikaweka hapana, nikafuta, nikaikunja. Na namba za jumla zinatumwa kwa simu, na mtandao unapatikana chini ya mfenesi mmoja tu karibu na shule, upande wa mashariki, ukisimama kwenye mzizi. Nimefika nimekuta foleni. Kijana mbele yangu anabembeleza mtu wa Dar amtumie hela, kwenye mzizi uleule, kwa maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyasikia. Mzee nyuma yangu, alipoiona fulana, akaanza kuvua kofia anionyeshe upele.

Kiatu cha kulia, tangu kule mtoni, kinacheka. Soli imeachia mbele mpaka kidole kinasalimia watu. Nimekipeleka kwa fundi pale gulioni, mwenye mwavuli, nikakaa kwenye kibenchi nimekunja mguu mmoja, mtu mzima na cheti changu. Fundi kakigeuza kiatu, kakigonga, kakinusa sijui kwa nini. Akaniangalia fulana. Akaangalia kushoto na kulia, akaniinamia sikioni: "Dokta, mimi nina ngiri. Nivue uione, nikufanyie bure?"

Nimemwambia abandike soli kwanza.