Bagong hakuiharibu wayang

Wapenzi wa wayang kulit, maonyesho ya vivuli ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, wanapojadili hali ya sanaa yao, lawama hazikawii kuwaangukia vikaragosi wachekeshaji kama Bagong. Inasemwa kwamba usiku mzima wa visa vya Mahabharata, utenzi wa kale wa India, sasa unamezwa na mizaha, nyimbo zinazoombwa na watazamaji na salamu kwa wafadhili. Wanaofuata mapokeo ya majumba ya kifalme ya Surakarta na Yogyakarta wanalalamika kwamba dalang, yule anayechezesha vikaragosi vyote na kuvisemea vyote peke yake, amegeuka mshereheshaji. Tangu UNESCO ilipoitangaza wayang kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2003, wenye kilio hiki wamepata hoja ya kuegemea: urithi haufanyiwi mchezo.

Kilio chao kina ukweli, nami nitaufikia. Lakini kwanza tuitazame sehemu yenyewe inayolaumiwa.

Dalang amekaa mbele ya kitambaa cheupe. Vikaragosi vya ngozi ya nyati vimechomekwa kwenye shina la mgomba lililolazwa chini ya kitambaa, na mguu wake unagonga vibao vya chuma kuwapa ishara wapigaji wa gamelan, walioketi nyuma yake na patu na marimba za shaba. Tangu saa tatu za usiku wafalme na wapiganaji wamekuwa wakizungumza Kijava cha adabu ya juu, ambacho vijana wengi wa leo hawakifuati vizuri. Karibu na saa sita huingia goro-goro. Dalang anasimulia dunia inavyotikisika, milima na bahari zikichafuka. Kisha panatulia, na wanatokea Gareng, Petruk na Bagong, pamoja na baba yao Semar, mungu aliyejivika mwili wa mtumishi mnene. Wanaimba, wanataniana, wanasema Kijava cha nyumbani. Wanaweza kuzungumzia bei ya mbolea, au kumtania kiongozi wa kijiji aliyeketi mstari wa mbele.

Sasa, Semar na wanawe hawamo kabisa katika Mahabharata ya India. Wajava ndio waliowaingiza. Wafalme na vita vyao vilitoka ng'ambo. Watumishi hawa wamezaliwa Java. Ukiwapunguza kwa jina la kulinda asili, unakata kile ambacho Wajava walikitunga wenyewe.

Hata sura ya wayang inayotetewa leo kama urithi safi haikuepuka mkono wa siasa. Katika mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wakomunisti nchini Indonesia mwaka 1965 na 1966, ambamo watu wasiopungua 500,000 wanakadiriwa kuuawa, wasanii waliohusishwa na LEKRA, jumuiya ya utamaduni iliyokuwa karibu na chama cha kikomunisti, waliuawa, walifungwa au walinyamazishwa. Mchoraji Hendra Gunawan alikaa kizuizini hadi mwaka 1978. Walikuwamo pia madalang. Utawala wa Rais Suharto uliokuja baada ya hapo uliisifu sana sanaa ya Kijava, mradi iwe sanaa ya utulivu, heshima na kila mtu kukaa mahali pake. Madalang walitakiwa kupenyeza ujumbe wa serikali katika maonyesho, ukiwemo ule wa uzazi wa mpango.

Suharto mwenyewe alipenda kufananishwa na Semar. Waraka wa tarehe 11 Machi 1966 uliomfungulia njia ya madaraka ulipewa kifupisho cha Supersemar. Mwaka 1995, akiwa rais kwa karibu miaka thelathini, aliwataka madalang waicheze hadithi ya Semar kuidhihirisha nafsi yake halisi. Hilo nalirudia kila mara mjadala huu unapozuka. Mtawala aliyekuwa na jeshi, redio na televisheni bado aliona haja ya kuwa na mtumishi yule mnene upande wake. Alijua watu wa vijijini wanamwamini nani.

Lakini Semar na wanawe hawakushikika kirahisi. Tamthilia ya jukwaani ina muswada ambao mkaguzi anaweza kuusoma na kuufungia, kama kundi la Teater Koma lilivyokumbana na marufuku mwaka 1990. Magazeti nayo yalinyang'anywa leseni. Tempo, Detik na Editor yalifungwa mwaka 1994. Mzaha wa goro-goro hauna muswada. Unazaliwa pale pale, kutokana na nani amekuja usiku huo, na ukishasemwa umekwisha kusikika. Ni kweli mdomo huo huo wa Petruk ulitumika kuisifia serikali. Ila mlango uliokuwa wazi kwa sifa ulikuwa wazi kwa kijembe pia.

Wako waliotafuta njia nyingine ya kuihuisha wayang. Miaka ya 1970, katika chuo cha sanaa cha Surakarta chini ya Humardani, ilibuniwa wayang iliyofupishwa: kisa kilichokazwa, bila marudio, kinachokwisha kwa saa chache badala ya usiku kucha. Ni kazi nzuri, na imewafunza wengi nidhamu ya kusimulia. Lakini makao yake makubwa yamebaki vyuoni na kwenye matamasha. Anayeandaa sherehe kijijini anataka usiku mzima, na anamtaka Bagong.

Dalang Ki Nartosabdo, aliyefariki mwaka 1985, alilaumiwa kwa vichekesho na nyimbo zake mpya. Leo nyimbo hizo hizo zinahesabiwa kuwa mapokeo. Ki Enthus Susmono wa Tegal aliunda vikaragosi vya Batman na George Bush, akatumia lugha ya pwani iliyowakera wengi, kisha akachaguliwa kuongoza wilaya yake hadi kifo chake mwaka 2018.

Anayenigusa zaidi ni Ki Seno Nugroho wa Yogyakarta. Alimpa Bagong nafasi kubwa kuliko ilivyozoeleka, akamfanya mkweli asiyemwogopa mfalme wala mungu, na maonyesho yake yakafuatwa na maelfu kwa intaneti. Korona ilipozuia mikusanyiko mwaka 2020, alichezea nyumbani kwake na wanamuziki wachache, kwa saa chache tu, akirusha moja kwa moja huku mashabiki wakichangia fedha ili kikundi kipate riziki. Alifariki Novemba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 48. Wengi wa waliomlilia walikuwa vijana, na walivutiwa na wayang kupitia Bagong yule yule anayeshutumiwa.

Wakosoaji wana hoja mbili ambazo sitazikwepa. Ya kwanza ni ya sindhen, waimbaji wa kike wanaoketi pamoja na gamelan. Mara nyingi mizaha huwaelekea wao: miili yao, ndoa zao, umri wao, na hawana nafasi ya kujibu sawasawa kwa sababu dalang ndiye mwajiri. Hilo ni dhuluma, na kuliita mapokeo hakulifanyi kuwa halali. Mchekeshaji anayestahili kutetewa ni yule anayemkabili aliye juu yake.

Ya pili ni fedha. Mgombea anapolipia usiku mzima, goro-goro hugeuka kwa urahisi jukwaa la kampeni. Hapo nakubaliana na wakosoaji kuhusu ugonjwa, si kuhusu dawa. Kuwapunguzia watumishi muda hakumwondoi mgombea. Jina lake litatajwa hata katika dakika kumi. Kinachoweza kumwondoa ni dalang kuwa na mlipaji mwingine, na mashabiki wa Ki Seno walionyesha, katika miezi ile migumu, kwamba hadhira yenyewe inaweza kuwa mlipaji huyo.