Hataza ya kusoma hisia: kilichobuniwa ni kipi?

Migogoro ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, kuhusu kupima hisia za watazamaji wa matangazo kwa mawimbi ya ubongo hurudi kwenye swali moja: kilichobuniwa hasa ni kipi? Kipimo chenyewe si kipya. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, na kufikia 1971 Herbert Krugman, mtafiti wa matangazo, alikuwa amekwisha kuchapisha utafiti wa mawimbi ya ubongo ya mtu aliyetazama matangazo ya televisheni. Anayedai leo kwamba wazo hilo ni lake amechelewa mno.

Hata hivyo, wenye hataza wana hoja nzito. Ishara inayofika kwenye ngozi ya kichwa ni ya makumi ya maikrovolti tu (maikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti), nayo humezwa kwa urahisi na kupepesa macho au kukaza taya. Kuichuja, hasa kwa elektrodi (vinasa umeme vinavyogusishwa kichwani) kavu zisizopakwa jeli, ni kazi ngumu ya uhandisi. Anayeifanikisha anastahili ulinzi, kwa kawaida wa miaka 20 tangu kuwasilisha maombi, na sharti la ulinzi huo ni kueleza hadharani jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Bila hataza angeificha mbinu yake kama siri ya biashara, na hapo hakuna ambaye angeweza kuikagua.

Tatizo huanza pale madai ya hataza yanapovuka kifaa na kuukamata uhusiano wenyewe kati ya wimbi na hisia. Mwaka 2012, katika kesi ya Mayo dhidi ya Prometheus, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hataza ya kupima mabaki ya dawa katika damu ili kurekebisha dozi, ikieleza kwamba kanuni ya asili haigeuki uvumbuzi kwa kuongezewa hatua zilizozoeleka. Kwangu mimi, kupima ubongo ili kurekebisha tangazo hakutofautiani sana na hilo.

Tena uhusiano huo bado unabishaniwa. Shughuli nyingi upande wa kushoto wa sehemu ya mbele ya ubongo zilichukuliwa kuwa dalili ya kupendezwa, lakini tafiti za baadaye zimezikuta hata kwa mtu mwenye hasira. Hataza pana juu ya tafsiri ya namna hiyo ingempa mmiliki wake uwezo wa kumzuia mshindani asiuze kipimo kinachotenganisha hasira na furaha, na mtangazaji angeendelea kulipia kipimo kisichojua tofauti hiyo.