Dereva mlevi na tochi ya elfu thelathini

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye msiba Uyole, Mbeya. Kijana wa jirani yetu alikuwa amegongwa na gari aina ya Noah akitembea pembeni kabisa mwa lami, na waliofika wa kwanza walisema dereva alishuka ananuka pombe, miguu haimbebi. Usiku ule, tumezunguka moto chini ya turubai, hukumu ilitoka mapema. Mzee mmoja akasema huyo ni wa kunyongwa. Mwingine akapunguza: miaka thelathini jela, na leseni asiishike tena mpaka anakufa. Nikaingiza neno kuhusu vipimo vya ulevi, mama mdogo akanikata: "Kwa hiyo wewe baba unamtetea mlevi?"

Simtetei. Ila pale sikuwa na jibu fupi.

Sheria yenyewe wengi tunaijua. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuendesha ukiwa umelewa, na kikomo chake ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50. Ukizidisha ni mahakamani, faini au kifungo. Aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa uendeshaji wa hatari, mahakama inatakiwa pia kumfutia leseni na kumzuia kupata nyingine kwa muda usiopungua miaka mitatu, isipokuwa iwepo sababu maalumu.

Wanaotaka adhabu ipande wana hoja ambayo huwezi kuipuuza ukiwa umekaa karibu na mama aliyefiwa. Wanasema kunywa ni hiari, kushika usukani baada ya kunywa ni hiari ya pili, na faini inayolipika kwa mauzo ya mbuzi wawili ni tusi kwa marehemu. Kuhusu tusi nakubaliana nao kabisa. Ninaposita ni pale wanaposema kifungo kirefu kitatupunguzia misiba.

Panda basi Makambako uje Mbeya. Igawa, Chimala, Igurusi: kila penye kibao cha 50 dereva anakanyaga breki, hata barabara ikiwa tupu. Anaogopa jela? Faini ya mwendokasi ni shilingi 30,000, na haijamfilisi mtu. Anachoogopa ni tochi, kile kifaa cha askari cha kupima mwendo. Hajui kama askari amekaa nyuma ya mti ule au ule, na aliyemwashia taa kutoka mbele amemwambia wapo. Hiyo adhabu ndogo imefundisha breki miguu ya madereva wa nchi nzima, kwa sababu tu inakuja kweli. Utaniambia akishapita kibao cha mwisho anarudi kukanyaga mafuta kama kawaida. Ni kweli, na ndicho ninachosema: woga wake unaishia pale tochi inapoishia.

Sasa kipima ulevi kiko wapi? Nimesafiri njia hiyo zaidi ya miaka kumi. Tumesimamishwa tukaguliwe mikanda, tairi, kizimamoto, stika ya bima. Mara moja abiria tulishushwa kwa sababu ya taa ya nyuma. Sijawahi kumwona dereva wangu akiambiwa apulize. Na bila kupuliza au kupimwa damu, kesi inabaki kwenye pua ya shahidi. Wakili atauliza swali moja tu, alikuwa na miligramu ngapi, na "alikuwa ananuka" halijibu swali hilo. Ukipandisha kifungo bila kuleta kifaa, mshtakiwa atapigana zaidi, hakimu atadai ushahidi mzito zaidi, na tusidanganyane, bei ya kumalizana kando ya barabara nayo itapanda.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku tunalijua kuliko watu wa Dar. Bia ina namba kwenye chupa. Ulanzi hauna. Msimu wa mvua, kule Iringa na Njombe, unaogemwa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anaonja. Ukikaa kwenye dumu unaendelea kuchacha, na jioni ni kitu kingine kabisa. Lita ileile, kichwa tofauti. Kisha ipo hesabu ya asubuhi. Katika kila mililita 100 za damu, mwili hupunguza takriban miligramu 15 kwa saa, wengine chini ya hapo. Aliyelala saa sita usiku akiwa na 180, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 90. Amepiga mswaki, amekunywa chai na chapati, anajiona mzima, na yuko juu ya kikomo akishuka mteremko wa Iwambi na watu nyuma yake. Huyo humtishi kwa miaka thelathini, maana hajijui kuwa ndiye. Upande wa pili wanajibu: basi anayeendesha asinywe kabisa. Hilo ndilo jibu lao bora, na kwa dereva wa abiria nawaunga mkono bila masharti.

Kuhusu leseni, hapo ndipo ninapokaa zaidi. Kuifuta ni adhabu ninayoiheshimu kuliko faini, kwa sababu inagusa chungu cha nyumbani na haiwezi kulipwa na tajiri, yaani mwenye gari. Lakini fuatilia mtu aliyefutiwa. Kazi nyingine hana. Magari hayaishi, na usiku wapo madereva waliochoka wanaotafuta deiwaka, dereva wa kibarua, wa kuwashikia usukani wapate kulala kidogo. Anarudi barabarani hivyo, gizani, bila leseni, kwenye gari ambalo tajiri hajui nani analiendesha. Akigonga, bima inaanza kukwepa. Bima kubwa kwa kawaida ina kipengele cha kutolipia gari ambalo dereva wake alikuwa amelewa au hana leseni, kwa hiyo tajiri aliyekopa kununua Coaster anabaki na mkopo na vyuma. Kufuta leseni bila mtu wa kuikagua usiku kumemhamisha mlevi kutoka zamu ya mchana kwenda ya usiku.

Kwa hiyo mama mdogo, mimi ningeiacha miaka mitatu ya leseni ilivyo, faini ningeipandisha iume, na kabla ya kuongeza hata siku moja ya kifungo ningetaka kipima ulevi Uyole, Mbalizi na Ipogolo ya Iringa, Jumamosi usiku na Jumapili alfajiri.

Niliondoka msibani saa nne na daladala ya mwisho kwenda Mafiati. Njiani tulisimamishwa. Askari akamulika stika ya bima, akamulika tairi ya mbele, akahesabu abiria kwa kidole. Kioo cha dereva kilikuwa kimeshushwa nusu, na alijibu "shikamoo afande" akitazama mbele.

"Nenda," akaambiwa.

Tukaenda.